Fahali wa Mwalimu Lyatuu

Ubaoni alichora fahali asiye na mwili,
pembe mbili tu, na kati yake nukta ya chaki.
"Nukta hiyo ni wewe," akasema.
"Ama hili, ama lile. Likiwa hili, unaumia.
Likiwa lile, unaumia. Basi, unaumia.
Huo ndio mtanziko. Andikeni."
Tukaandika. Nilipata alama themanini na moja.

Hakutuambia kwamba ndani ya neno lile
kuna tanzi limejikunja, linangoja shingo.

Mama anashuka KCMC Jumatatu, Jumatano, Ijumaa.
Kwa saa nne anaitazama damu yake
ikitoka, ikizunguka mpirani, ikirudi imefuliwa.
"Kama shuka la wageni," anasema.
Risiti nazipanga kwenye kopo la kahawa.
Kopo limejaa. Nimeanza la pili.

Na huku juu, Mbokomu, kuna kihamba:
migomba, mibuni iliyochoka, mfereji wa zamu,
na nyuma ya zizi babu, bibi, baba,
na Ndeshi, dada yangu aliyeishi siku kumi na moja.
Bwana Kivuyo wa Arusha anataka kujenga hapa nyumba za watalii.
Ameacha bahasha mezani. Atarudi Alhamisi.

Nikiuza, mama ataishi,
na siku akifa hatakuwa na pa kulala.
Nisipouza, pa kulala papo,
ila atapahitaji mapema.

Themanini na moja, Mwalimu.

Wanasema njia mbili zilimshinda fisi.
Lakini fisi, jamani, alinusa nyama kote kuwili!
Mimi huku nanusa dawa ya kudekia wodi,
kule udongo mbichi.

Mwalimu alitufundisha pia kuponyoka.
Pita katikati ya pembe, kama upo upenyo.
Nimepita. Nimeuza ng'ombe, nimekopa kwenye kikundi,
Eliapenda alituma kutoka Mwanza, mara mbili,
kisha simu yake ikawa haipatikani.
Upenyo uliishia mwezi Machi.

Au kamata pembe moja uivunje:
kaburi ni kaburi, hata lile la manispaa
lenye kibati cha namba.
Nilimwambia mama hivyo, jikoni, kama mzaha.
Aliendelea kumenya ndizi za mtori.
Kisu hakikusita,
lakini ganda lilitoka nene, na nyama yake.

Au, mwisho, mletee fahali wako,
mwenye pembe zilizogeuzwa.
Hilo sikulielewa darasani.
Nililielewa jana usiku, pale mama,
aliyeishia darasa la nne,
aliposema akiwa amelala, uso ukutani:
"Ukiuza, nitapona.
Usipouza, nitalala kwetu.
Kwa vyovyote mimi nimepata.
Sasa zima taa, umeme una wenyewe."

Nikazima. Nikakaa macho wazi
nikiipapasa hoja yake kila upande, nikitafuta ufa.
Haina.
Na yangu haina.
Zimesimama zikitazamana kama majirani wawili barazani,
wenye kesi ya mpaka mmoja,
kila mmoja na hati yake, na zote zina muhuri.

Leo ni Alhamisi. Mlima umejifunika hadi shingoni.
Nimechuma jani la isale pale mpakani,
nimelipiga fundo
kama tufanyavyo tunapokwenda kuomba radhi.
Sijui bado nimpelekee nani:
walio nyuma ya zizi tupu,
au huyu anayeniita sasa hivi kutoka ndani,
akiuliza kama yule bwana wa Arusha
anakunywa chai ya maziwa
au ya rangi.